Mama Arbia Haulizwi

Garissa
9 Agosti 1966

Kwa Bi Saynab binti Rage,

Hunijui. Naitwa Jeremia Musembi, ni daktari, na nimehamishiwa Garissa tangu mwezi wa nne. Jina lako nimepewa na Nunow, mhudumu wa wodi ya wanawake, ambaye ndiye anayenitafsiria Kisomali. Ameniambia uliolewa Mombasa na Bare muuza nyama, na kwamba wewe ni binti wa mama mmoja aliyelazwa hapa kwetu. Jina lake Arbia.

Mama yako aliletwa na lori la askari kutoka kijiji cha serikali, kile kilichozungushiwa seng'enge, walikohamishiwa watu wa ukoo wenu mwezi uliopita. Alianguka kwenye foleni ya maji. Hakuvunjika mfupa. Lakini alifika hajui mchana wala usiku, anapiga kelele, anamng'ata kila anayemgusa, na mikono imefungwa kitandani kwa matambara. Mtu wa dawa wa huko kijijini alikuwa amempa dawa ya usingizi. Alipozidi kuweweseka akampa nyingine, na juu ya hiyo nyingine. Nilipomuuliza askari aliyemleta anaumwa nini, alijibu neno moja tu: uzee.

Uzee si ugonjwa, Bi Saynab. Nilikaa Uingereza nikisomea kazi hii katika wodi ya wazee watupu, na mwalimu wangu, mzee mwenyewe na mkali kama pilipili, alinitia jambo moja kichwani. Mzee akichanganyikiwa ghafla usisingizie umri. Kipo kitu kilichomchanganya, kitafute. Mama yako nimemfungua mikono. Dawa zile zote nimezisimamisha. Nimegundua mkojo wake una ugonjwa, choo kimefunga, na mwili umekauka kwa kukosa maji. Hayo nitayatibu.

Ila sijui ninamtibu ili arudi kuwa nani. Kabla ya mambo haya alikuwaje? Alitembea mwenyewe? Anasikia vizuri? Anakula nini kwa hamu? Kitu gani humkera? Na huyu Abdow anayemwita kutwa kucha ni nani?

Ukiweza kuja, njoo. Sauti ya mtu wa nyumbani ni dawa ambayo mimi sina.

Wako,
Dkt. J. Musembi


Majengo, Mombasa
24 Agosti 1966

Kwa Daktari Musembi,

Salamu. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena, na waliobandika hawakujisumbua hata kuibandika sawasawa. Basi nawasalimu na wao.

Umeuliza mama yangu alikuwaje. Alikuwa Arbia. Ukifika kisimani na ngamia wako ukamkuta, ulingoja zamu yako, uwe mwanamume uwe nani. Alikuwa anatembea kutwa nzima nyuma ya mifugo, na jioni anakuhesabia mababu zako wewe mwenyewe usiowajua. Sikio la kushoto ni zito kidogo. Anakunywa maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi kwenye kibuyu, na chai yenye sukari ya kukata na shoka. Hapendi kulishwa kwa kijiko. Tena, kama mmemvua kitambaa cha kichwa, mrudishieni. Mwanamke wa kwetu akiachwa kichwa wazi mbele ya wanaume, atang'ata, na mimi ningeng'ata.

Unaniandikia kwamba waliomfunga ndio waliomleta, na waliomleta ndio waliowafungia watu kwenye seng'enge na kuwapiga ngamia wetu risasi. Halafu unashangaa kitu gani kimemchanganya. Usitafute mbali, Daktari.

Abdow ni ndugu yangu wa mwisho. Yuko safarini. Akimwulizia, mwambie hivyo.

Nimekwenda kuomba kibali cha kuja huko. Karani alilitazama jina la baba yangu, akaniambia nirudi vurugu zikiisha.

Saynab binti Rage


Garissa
15 Septemba 1966

Kwa Bi Saynab,

Nakuandikia nikiwa na furaha, na hapa furaha ni adimu. Siku tuliyomrudishia kitambaa aliacha kung'ata. Sikio la kushoto, na la kulia pia, nililikuta limezibwa na nta ngumu kama lami. Nililainisha kwa mafuta ya moto kidogo, nikasafisha kwa maji, na mama yako akageuka kumtazama Nunow, akasema juu yangu, "Huyu Mkamba kumbe ana sauti ndogo! Nilidhani anafoka."

Wodi nzima ilicheka. Alipoona wanacheka akauliza yuko wapi na amefika lini. Ni swali la mtu aliyerudi.

Sasa anakaa mwenyewe. Amenitukana kwa sababu ya uji wetu, na Nunow anamletea maziwa kutoka kwa shangazi yake huko Galbet. Kila asubuhi tunamsimamisha, mimi mkono huu, Nunow mkono ule, mpaka barazani. Wauguzi wananicheka, wanasema daktari mzima anacheza dansi na vikongwe wakati majeruhi wanangoja. Waache wacheke. Mzee akilazwa tu, miguu humsahau upesi.

Kila mzee ninayemtibu nina swali ninalomwuliza: unataka nini? Sisemi unaumwa nini, hapana, unataka nini. Yeye alijibu bila kufikiri: "Kulala mahali ninapoona anga bila waya." Hilo sina uwezo nalo.

Abdow bado anamtaja. Hampigii kelele tena, anamtaja taratibu, kama mtu anayemtaja aliyetoka nje kidogo. Aliponiuliza yuko wapi nilisema yuko safarini, kama ulivyoagiza. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka. Safarini wapi, Bi Saynab? Kazi yangu naifanya kwa sharti moja, kwamba siwadanganyi wazee. Tumewanyang'anya mengi, ukweli tusiwanyang'anye.

Wako,
J. Musembi


Majengo
2 Oktoba 1966

Daktari,

Barua hii haipiti posta. Anakuletea Jelle, dereva wa lori la ng'ombe, na wewe ukinijibu mpe yeye mkononi. Ukimaliza kusoma, ichome.

Abdow amekufa. Alikwenda na wale wa msituni baada ya ngamia kuuawa. Hakuwa na siasa, alikuwa na hasira tu. Mwezi wa saba walikutana na askari karibu na visima, akapigwa tumboni. Binamu zangu walimzika kabla jua halijapanda. Mmoja wao alipita hapa kwangu na kuniambia. Akasema Hooyo, mama yetu, hakuwapo, alikuwa mbele na mbuzi, na hajui lolote.

Serikali bado inamtafuta kama mtu aliye hai mwenye bunduki. Wakijua alikozikwa, watauliza nani kamzika. Na binamu zangu wana watoto.

Sasa unaelewa safarini ni wapi. Wewe na ukweli wako wa Uingereza, nakuomba usimguse. Yule ni mtoto wake wa uzeeni, alimpata watu wakiwa wameshamcheka kwamba amekauka. Umemwosha masikio asikie hilo? Mwache amngoje. Kungoja hakujaua mtu.

Niahidi.

Saynab


Garissa
20 Oktoba 1966

Bi Saynab,

Inna lillahi, kama mnavyosema nyinyi. Barua nimeichoma.

Nakuahidi, na naahidi kwa shingo upande. Nimewaona wazee wengi waliofichwa msiba na watoto wao. Wanajua kuna kitu. Hawajui ni nini, na kile wasichokijua huwatafuna kuliko ambacho wangekililia kikaisha. Mama yako ana akili timamu kama yako na yangu. Habari ya mwanawe ni mali yake. Lakini wewe ni mtoto wake, mimi ni mgeni. Na kuna shingo za watu wengine ndani yake. Sitasema.

Anatembea na fimbo sasa. Ningemruhusu kutoka, ila kutoka kwenda wapi? Kijijini maji ni ya foleni na wazee wanasukumwa nyuma. Nimeomba akae Galbet na Nunow, nimtazame. Nimejibiwa kwamba mtu wa kijiji anarudi kijijini. Nimejibu kwamba bado hajapona. Huo ndio uongo wangu wa pili mwaka huu, na wote ni kwa ajili ya mgonjwa mmoja.

J. Musembi


Garissa
3 Novemba 1966

Bi Saynab,

Sikungoja jibu lako. Jelle anaondoka leo na nataka ulipate hili kwangu kabla hujalipata kwa watu.

Juzi alikuja ofisa mmoja wa usalama. Mama yako alikuwa barazani, Nunow anamkata kucha. Ofisa akaniuliza, "Huyu ndiye mama wa Abdow Rage? Nimeambiwa kijijini hana akili."

Nikasema nimpime kwanza. Nikamwingiza nyuma ya pazia na Nunow, nikanong'ona, "Mama, huyu anamtafuta Abdow. Nikisema akili zako hazijarudi, atakuacha. Niseme?"

Nunow alitafsiri kwa kunong'ona. Mama yako alinyoosha mgongo. Alisema, "Nilikuwa mwendawazimu bila kupenda, mkanifunga kama mbuzi. Kwa kupenda sitakuwa. Nipe kitambaa changu."

Kisha akatoka mwenyewe, akasimama mbele ya ofisa. Nunow akatafsiri tena, safari hii kwa sauti ambayo wodi yote ilisikia: "Mimi Arbia. Abdow ni wangu. Unataka nini?"

Alitembea mpaka kwenye Land Rover bila kushikwa. Hatua zile nilimfundisha mimi, asubuhi baada ya asubuhi, nikizionea fahari.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, "amekwisha kufa". Ningeyasema wangeniuliza nimeyajuaje. Niliyameza. Kila siku nakwenda kwenye kituo chao kuomba nimwone. Leo pia nakwenda.

J. Musembi


Majengo
14 Novemba 1966

Daktari Musembi,

Ungesema tu kwamba hana akili! Neno moja! Wewe ndiye mwenye koti jeupe, nani angekubishia? Lakini hapana, ilibidi umwulize. Nyumba inaungua, wewe unamwuliza bibi kizee kama angependa kutoka.

Alikuja kwako mgonjwa, na ugonjwa ule ulikuwa ukuta wake. Umeubomoa tofali kwa tofali, ukaniandikia barua za furaha kuhusu nta ya masikio. Ungemwacha na homa yake angekuwa kitandani sasa hivi, anang'ata watu, salama.

Nimemwambia Bare mume wangu kwamba nakwenda Garissa, kibali kiwepo kisiwepo. Amenifichia viatu, maskini, kana kwamba sisi tulizaliwa na viatu.

Wanamtafuta marehemu kwa mama yake. Naijua siri inayoweza kumtoa pale, na nikiisema nawaua wengine. Wewe umesomea wazee. Hiyo dawa yake iko kitabu gani?

Saynab


Garissa
1 Desemba 1966

Bi Saynab,

Nimemwona. Nilimwambia ofisa kwamba mama huyu akimfia mikononi itabidi niandike sababu, akaniruhusu kuingia na Nunow, askari akiwa mlangoni.

Hawakumpiga. Wanamkalisha nje juani na kumwuliza. Miguu imevimba, ulimi umekauka, na chai, nayo baridi, wanampa akijibu tu. Nilimnywesha maji mwenyewe kidogo kidogo. Nilipotoka kuomba awekewe kiti kivulini, ofisa akanilalamikia: "Daktari, kikongwe wako anatuchezesha. Jumatatu alisema kijana yuko Takaba. Tumepeleka watu mpaka Takaba, hakuna kitu. Sasa anasema yuko Mandera kwa mjomba."

Niliingiwa na hofu. Nilidhani amerudi kule kule, anaweweseka. Nikarudi, nikamwuliza leo siku gani. Akanijibu. Nikamwuliza tuko wapi, mimi nani, aliletwa na nani. Akajibu yote, na la mwisho akanijibu kwa dharau. Akili ilikuwa safi kabisa, na mimi nilikuwa namtazama mtu mwenye akili safi akiwaambia mambo ya mtu aliyekufa.

Nisamehe, ahadi yangu niliivunja pale. Nilipiga magoti karibu na sikio lake la kulia, nikamwambia Nunow atafsiri kwa sauti ya chini: "Mama, Abdow amefariki. Mwezi wa saba."

Hakushtuka. Alisema, "Punguza sauti. Yule mlangoni ana mke Msomali, anasikia."

Halafu akaniambia haya, nami nakuandikia kama Nunow alivyoyatoa:

"Alikata roho kichwa chake kikiwa pajani pangu. Kuanzia jua likiwa juu mpaka usiku. Aliomba maji, na mwenye jeraha la tumbo hapewi maji, basi sikumpa. Mwanangu aliniomba maji nikamnyima. Waliomzika niliwaapisha waseme sikuwapo. Asubuhi askari wakatupakia kwenye malori kwenda kwenye waya, na mimi maji nikayakataa pia. Sikunywa mpaka nikaanguka. Ndio huo wazimu uliokuwa ukiutafuta kwenye mkojo wangu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Bi Saynab, hapa alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata siku za kung'ata.

"Nimwambie nani? Wewe umeniuliza choo. Umeniuliza usingizi, magoti, kama naona ncha ya kidole chako. Kila asubuhi unaniuliza nataka nini. Hata siku moja hukuniuliza, Arbia, mwanao yuko wapi? Mimi ndiye niliyekuuliza, na ukanijibu safarini. Nikajua Saynab kakufundisha, na nikajua Saynab anajua. Basi nikawaacha mnilee."

Hakika sikumwuliza. Sikumwuliza kwa sababu jibu nilikuwa nimeshalipata kwako, na nikaona linatosha.

Mwisho alisema: "Waache waende Takaba. Wakimtafuta aliye hai, hawatawatafuta waliozika. Nina sehemu nyingi za kuwapeleka bado. Nchi hii naijua yote kwa miguu."

Kisha akamwambia Nunow anitoe nje, amechoka na mimi.

J. Musembi


Garissa
19 Desemba 1966

Bi Saynab,

Kwa ufupi, maana nafunga mizigo. Ofisa amechoka naye. Amemrudisha kijijini, si hospitalini. Nilipopinga niliambiwa daktari mwenye huruma za namna hii atafaa zaidi kwa watu wa kwao, na nimepewa uhamisho wa kwenda Kitui. Si mbali na kwetu. Watu wananipongeza.

Alipopita wodini kuchukua fimbo yake alikuwa na kikohozi ambacho sikukipenda. Nimempa Nunow dawa na maelezo, lakini langoni kijijini dawa hazipiti bila ruhusa.

Tafuta kibali. Tafadhali, tafuta kwa kila njia.

J. Musembi


Kijijini, karibu na Garissa
11 Machi 1967

Daktari Musembi,

Nunow ndiye aliyenipa anwani yako ya Kitui.

Kibali nilikipata mwezi wa kwanza. Nilimkuta Hooyo hai, mwembamba kama ufito, analala nje ya kibanda kwa makusudi. Dawa zako hazikumfika. Alizichukua mtu langoni. Huenda naye alikuwa anakohoa.

Hata sijaketi, akaniuliza, "Ulijua tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Na ukaninyamazia." Nikamwambia nilitaka kumlinda. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Ilibidi nimpigepige mgongoni.

Tulikaa pamoja mpaka mwezi wa pili ulipoanza. Kila jioni alinieleza habari za siku ile ya visimani, kila jioni upya, na hakuruka kitu, mpaka nikaijua kama niliyekuwepo. Nilimwomba anyamaze mara moja tu. Alisema nimekwisha nyamaza kwa niaba yake vya kutosha. Alifariki asubuhi, mapafu yamejaa. Binamu zangu, wale wale wa visimani, walimzika mbele ya askari, wala hakuna aliyewauliza kitu. Katika hilo alishinda.

Nilikulaumu kwa kumwuliza. Nunow anakulaumu kwa kutomwuliza. Sina nguvu ya kuamua nani kati yetu ana haki. Mama yangu hakukutaja kwa wema wala kwa ubaya, na sitakutungia salamu zake.

Mimi bado niko hapa. Kibali changu kilikuwa cha kuingia. Cha kutoka wananiambia nisubiri. Watoto wangu wako Mombasa kwa Bare, na mdogo nasikia ameanza kumwita shangazi yake mama.

Kibanda cha pili yuko bibi mmoja, Fatumo. Wanawe wamekwisha wote. Anakaa amelala upande mmoja siku nzima kwa sababu hakuna wa kumgeuza, na jana nilipomfunua kumwosha nilimkuta na kidonda kiunoni, kirefu, chenye harufu, naona kama kinakwenda mpaka mfupani. Wenzangu wanasema ni uzee, nimwache.

Niandikie namna ya kukiosha, na nimgeuze vipi peke yangu bila kumwumiza. Hapa kuna chumvi, kuna maji kidogo, kuna samli. Andika hayo, mengine usiandike. Jelle anapita tena mwisho wa mwezi.

Saynab